Vilio Vitatu vya Geti

Nilipaka geti grisi. Ndiyo hiyo, nimesema. Hakuna mtu aliyenituma, na kabla hujaniambia kwamba kupaka chuma kikuukuu grisi ni jambo jema, ngoja kidogo. Nilitoa kopo katika gereji ya mjomba wake Brayo, rafiki yangu, pale Dagoretti Corner, nikalifunika kwa sweta ya shule, na Ijumaa baada ya masomo nikapanda juu ya lango la zamani la mto na kuisiliba parafujo yake kubwa kutoka juu hadi chini, kwa mikono yangu miwili, huku nikipiga mluzi. Kesho yake mama yangu alinusurika kufa maji, na mzee mmoja ambaye hakuwahi kunikosea lolote akaachia kazi aliyoifanya tangu kabla sijazaliwa. Nimeiandika sentensi hiyo mara tano sasa. Kila nikiisoma nashtuka, kana kwamba inamhusu mwenda wazimu fulani wa mtaa mwingine.

Tulimwita Mzee wa Geti. Jina lake nalijua lakini siliandiki, maana alinikataza mwenyewe. Nilipomwambia siku moja kwamba nitaandika insha ya shule juu yake, alinitazama kwa wasiwasi mkubwa.

"Andika geti," akasema. "Ukiandika jina langu, watu wa nyumbani kule magharibi watajua bado niko hai, halafu waje wote kulala kwangu."

"Mzee, nani anasoma insha ya Fomu Tatu?"

"Wewe hujui watu wetu. Wanasoma hata karatasi ya kufungia nyama."

Kwa ambaye hajafika: ukishuka kutoka maghorofa ya Kileleshwa hadi bondeni, utakuta ukuta wa mawe umekatiza mto. Mkoloni aliujenga ili shamba lake lipate maji. Katikati ya ukuta kuna bamba la chuma, na juu ya bamba parafujo ndefu kuliko mtu. Ukichomeka mpini wa chuma na kuzungusha, bamba linapanda, maji yanapita. Shamba lilishageuka nyumba za watu na maegesho ya magari, lakini ukuta ulibaki, na nyuma yake maji yakajitandaza yakawa kinamasi chenye matete, yungiyungi na ndege wa kila namna. Siku hizi ni mahali pa kutembelewa. Kuna njia ya mbao ya kupita juu ya maji, kuna bango, kuna mama wa mahindi ya kuchoma. Watu wanakuja na kamera kupiga picha kutu.

Kwetu ni chini ya ukuta. Mama ana kitalu cha miche kando ya mto, maparachichi ya kupandikiza, kayaba za ua, bogonvilia za watu wenye nafasi. Jirani zake ni waosha magari na kina mama wanaofua. Huko chini mto ni wa kufika magotini tu, na watu wanaingia na kutoka kama sebuleni kwao, hadi geti lifunguliwe. Geti likifunguliwa, mto unapanda hadi kifuani kabla hujamaliza kukunja suruali.

Ndiyo maana kulikuwa na desturi. Geti lile lilikuwa na sauti, na ninaposema sauti simaanishi mlio wa mlango. Lilikuwa linalia kama nguruwe anayeburutwa na sikio. Mzee akitaka kufungua maji kwa kweli, alizungusha kidogo na kurudisha, mara tatu. Vilio vitatu. Kisha aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa kwa Kiluhya, mzima, bila kuukata, ili kila mtu huko chini apate muda wa kupanda ukingo. Baada ya ubeti ndipo alifungua. Kila Jumamosi saa nne alizungusha mara moja tu kuwafurahisha wageni, watoto wakapiga makofi na yangeyange wakaruka wote kwa pamoja. Kilio kimoja ni cha wageni, vilio vitatu ni vya maji. Mtoto wa chekechea wa kwetu anajua hivyo. Mimi pia nilijua, kama mtu anavyojua kwamba ana ini.

Mpini wa geti hakuuacha kazini hata siku moja. Aliubeba kwapani, umefungwa gazeti, akaenda nao nyumbani, kinyozi, hata kanisani, ambako aliulaza chini ya benchi. Askari walimsimamisha wakati mmoja pale Dagoretti Corner wakitaka kujua chuma hicho ni cha kuvunja mlango wa nani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Afande, huu ni mto."

Walimweka kando nusu saa wakimpima kama ana akili timamu. Alipotusimulia, hakucheka. Alikuwa ameudhika kwamba wamemuuliza swali, akajibu ukweli, na bado hawakuridhika.

Na huyu mtu, mwenye mto kwapani, alikuwa anaogopa maji. Simaanishi kwamba aliyaheshimu, hiyo ni lugha ya bango. Aliyaogopa. Hakujua kuogelea. Alivaa gambuti ambazo sijawahi kuziona zimelowa, na koti la mvua la kijani hata Januari, jua likiwa la kukausha samaki. Nilimrushia maji kwa kiganja siku moja, matone tu, akaruka nyuma hatua tatu na kunitukana kwa lugha ambayo nashukuru siielewi.

"Miaka yote hii na bado unaogopa?" nikamuuliza.

"Miaka yote hii ndiyo imeniogopesha. Maji ni mpangaji, Redio. Ukimfungia mlango, atatoka na ukuta."

Redio ni mimi; nyumbani naitwa Kevo. Alisema sina kitufe cha kuzima.

Habari za mvua alizipata kwa simu kutoka kwa mwanamke mmoja anayeuza kabeji huko juu, Limuru. Hawakuwahi kuonana. Sijui walianzaje. Alichojua mzee ni kwamba mvua ya Limuru inachukua saa mbili kufika kwetu kwa njia ya mto, hata kama Nairobi jua linawaka. Nilisikiliza mazungumzo yao mara nyingi, na hayakuzidi pumzi tatu.

"Huku imeshuka," mama wa kabeji akasema.

"Ya kuloweka ama ya kubeba?"

"Ya kuloweka tu."

"Haya. Mungu akubariki." Kisha akakata. Nilimwambia huo ni uchumba wa ajabu kuliko yote jijini. Akanirushia gunzi la hindi, likanipata shingoni. Shabaha yake ilikuwa nzuri sana kwa mtu wa umri wake.

Kanisani kwao alikuwa anakemea waongo, tena kwa majina. Lakini wageni aliwadanganya bila haya. Familia moja ya Parklands, watu wapole waliokuja na chupa ya chai na bibi yao kwenye kiti cha plastiki, aliwaambia geti lililetwa kwa treni vipandevipande na likakosa kipande kimoja hadi leo. Watoto wa shule akawaambia liliburutwa na ng'ombe arobaini. Wapenzi wawili waliokuwa wameshikana mikono akawaambia mhandisi aliyelijenga aliachwa na mke wake hapohapo juu ya ukuta. Wale wapenzi wakaachiana mikono.

"Mzee, wiki jana ulisema ng'ombe."

"Wiki jana walikuwa watu wengine."

"Na ukweli ni upi?"

"Ukweli ni kwamba nililikuta hapa. Sasa mtu ametoka mbali, amevaa viatu vizuri, nimwambie hivyo tu arudi?"

Kila Jumamosi walikuja maharusi. Mpiga picha mmoja, kijana mwenye kamera ya kutisha, alimwomba asogee kando kwa sababu koti lake la kijani linaharibu picha. Mzee alikataa kata kata. "Mimi na geti ni picha moja," akasema. "Ukitaka ukuta mtupu, nenda ukajenge." Matokeo yake ni kwamba sebule nyingi za mji huu zina picha ya harusi yenye bwana, bibi, na nyuma yao mzee wa koti la kijani amenuna kama baba mkwe ambaye hakushirikishwa. Iko kwa binamu yangu. Wageni wanamuuliza kama ni mjomba, naye kachoka kueleza, siku hizi anasema ndiyo.

Mafuta ndiyo yalikuwa kesi kubwa zaidi. Watu wa maghorofa walilalamika juu ya kelele. Fundi mmoja mwenye roho safi alikuja mwenyewe na kopo la oili, bure. Mzee alimfukuza kwa mpini hadi kwa mama wa mahindi. Kamati ya wakazi wanaotunza kinamasi ikamnunulia firimbi, ikidhani imempa suluhisho. Akampa mtoto wa mama wa mahindi ile firimbi.

"Firimbi kila mtu anayo," akasema. "Refa anayo, askari anayo, watoto wanayo. Nani atatoka majini kwa sababu ya firimbi? Wacha geti lilie. Kitu kikubwa kisicho na sauti ni mwizi."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nilicheka, nikamwiga kwa Brayo njiani, sauti na yote.

Sasa nifike pale nisipopapenda. Kila asubuhi ya likizo nikipita, alikuwa na mchezo wake. "Redio, niulize jana nilikula nini." Namuuliza, anajibu. "Niulize juzi nilivaa nini." Anajibu. Nilidhani ni upuuzi wa wazee, kama kuhesabu magari. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kumchezea. Akisema jana alivaa kofia ya kahawia, namwambia, "Hapana, Mzee, ilikuwa nyekundu." Anasimama. Anafikiria. "Nyekundu?" Anaivua kofia, anaiangalia. Mimi na Brayo tunauma vidole tusicheke.

Mara moja tu alinieleza, bila kuulizwa, akiwa amekaa ukutani mgongo wake ukiwa kwa maji kama kawaida. "Baba yangu mwisho wake alikuwa anasema ameshalisha ng'ombe. Ng'ombe analia njaa zizini, tunamsikia wote, na yeye anaapa ameshamlisha. Na alikuwa haongopi, unaelewa? Alikuwa anakumbuka kabisa." Kisha akasema, "Mimi hawa ng'ombe wangu wana watu chini yao." Sikuelewa. Nilimwuliza kama ng'ombe alikufa. Aliniambia niende nyumbani.

Mpango wangu wa grisi ulikuwa hivi: Jumamosi saa nne, mbele ya wageni wote, azungushe geti la kuchekesha watoto, na lisilie. Basi. Nilitaka kuona uso wake. Mimi na Brayo tungejificha kwenye matete na simu, tupige video, watu wafurahi. Kilio cha wageni hakitoi maji, kwa hiyo nani ataumia? Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Ilikosa Limuru tu.

Tulifika mapema kuchagua mahali. Saa tatu na nusu, jua kali, wageni hawajafika hata mmoja, mzee akatokea akitembea kwa haraka, simu sikioni. Nikamwona anaikunja simu na kuitia kotini. Nikamnong'oneza Brayo, "Anafanya mazoezi," na nikaanza kurekodi.

Alichomeka mpini, akazungusha. Kimya. Parafujo ilipanda inateleza kama kambale. Mzee akasimama. Akautazama mpini, kisha mkono wake, akaukunja na kuukunjua. Akarudisha. Akazungusha tena. Kimya. Akajipangusa uso kwa kofia, akatazama juu, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka chumba kisicho chake. Nilikuwa nimejiziba mdomo na bado kicheko kilikuwa kinanitoka puani. Mara ya pili hiyo, mtu mwenye akili angejua. Kilio kimoja ni cha wageni. Alipozungusha mara ya tatu nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye matope, machozi ya kucheka yananitoka, simu imeinuliwa juu kwa mkono mmoja.

Akaimba ubeti. Akafungua.

Yowe la kwanza nilidhani ni ndege.

Maji yalishuka kama ng'ombe wanaotolewa zizini, wanasukumana. Nilikimbia ukingoni kuyafuata, nikamwona mama yangu katikati ya mto, amejaza ndoo yake ya kumwagilia, ameinua uso anashangaa kwa nini mto unanguruma na jua linawaka. Hakukimbia. Kwa nini akimbie, na geti halijalia? Kisha hakuwepo. Kisha mkono. Mtu wa mkokoteni aliyekuwa akipakia miche alijitupa tumboni, akaukamata ule mkono na kuuvuta kama anang'oa kisiki. Mama alitoka na kiatu kimoja. Mistari miwili ya maparachichi yake, aliyoipandikiza kwa wembe na subira ya mwaka mzima, ilikwenda na maji ikiwa imesimama wima, kama abiria.

Watu wakapanda hadi ukutani na mama yangu mbele, analia na kutetemeka.

"Wewe mzee mlevi!" akampigia kelele. "Unafungua maji kimya kimya kama mwizi! Ungeniua! Nina mtoto mimi!"

Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama hapo, ana grisi chini ya kucha.

"Nilizungusha mara tatu, Mama Kevo," mzee akasema.

"Nani alisikia? Nani hapa alisikia?"

Hakuna. Waosha magari hawakusikia, kina mama wa kufua hawakusikia. Hakuna aliyefikiria kuitazama parafujo, kwa maana ilikuwa nyeusi miaka yote, na mafuta alikuwa ameyakataa mwenyewe mbele ya mji mzima. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mpole anayeongea kama muuguzi, akamshika mzee bega.

"Mzee wangu, una hakika ulizungusha?"

Aliitazama mikono yake. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Brayo akanifinya kiuno: "Nyamaza, msee. Nyamaza."

"Sina," mzee akasema.

Akauchomoa mpini, akaufuta kwa koti, akampa mwenyekiti. Hakuna aliyemnyang'anya. Akashuka kwa njia ya mbao akiwa na kwapa tupu, anatembea upande upande, kama mtu aliyezoea mzigo.

Mama alipata homa siku mbili. Nilimpikia uji, akanisifu jinsi nilivyokua. Nikachukua bakuli nikaenda kuliosha nje.

Wiki nzima niliitazama ile video nikiwa nimejifungia chooni. Sikuweza kuifuta. Ijumaa tukasikia kwamba kamati itakaa kesho saa nane, palepale ukutani, kuchagua mtu mwingine wa geti, na kwamba mzee anarudi magharibi Jumapili, moja kwa moja. Jumamosi asubuhi nikaenda kwake.

Ana chumba kimoja nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Mlango ulikuwa wazi. Begi limefungwa kwa kamba, koti la kijani limetundikwa msumarini. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya plastiki na punje za mahindi.

"Ni Redio?"

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ngoja." Alichukua punje moja kutoka kikombe kimoja akaitia kingine. "Hiyo ni ya dawa ya asubuhi. Nikinywa, nahamisha. Nikifunga mlango, nahamisha. Hivyo siwezi kudanganyika." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza namna ya kuwasha jiko.

"Mzee, nina kitu ya kukuonyesha."

Niliweka simu mezani. Aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Siku gani?"

"Siku ile."

Kwenye simu, yule mtu mdogo wa koti la kijani akazungusha mpini. Mzee akatoa punje moja, akaiweka juu ya meza. Mtu wa koti akarudisha, akazungusha tena. Punje ya pili. Ya tatu. Wimbo.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akahesabu upya, kwa kidole, akigusa kila punje. Alinifanya nirudishe mara nne.

"Nilizungusha," akasema.

"Ulizungusha, Mzee. Mara tatu."

"Ilikuwa nyepesi. Nyepesi kama ndoto. Ndipo nikasema, basi nimeota, kama baba." Aliketi kitandani polepole. "Mbona halikulia?"

Nikamwambia. Kopo, sweta, Ijumaa, yote. Niliegemeza kichwa upande ili akinizaba kofi lisinipate jicho. Kofi halikuja. Alikuwa bado anaitazama simu.

"Rudisha tena. Kuna mtu anacheka hapo."

"Ni mimi."

Akakisikiliza kile kicheko hadi mwisho wake, na kilikuwa kirefu, sikuwahi kujua nacheka muda mrefu hivyo. Nilitamani anipige na kiti.

"Unacheka kwa roho yote," akasema.

Hakukuwa na hasira ndani yake, ningeijua. Alilisema kama jambo aliloligundua tu. Sijawahi kuambiwa neno likanipiga namna ile, na mimi nimefokewa na walimu wenye digrii.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Basi umeanzia kwa mtu asiyefaa. Mimi sikuingia majini." Akanyoosha mkono, akanirudishia simu. "Na kofia. Ile siku. Ilikuwa nyekundu?"

"Ilikuwa ya kahawia, Mzee. Zote zilikuwa za kahawia. Huna kofia nyekundu."

Alifumba macho. Niliondoka nikiwa nimemwacha hivyo, ameketi kando ya begi lake, punje tatu ziko mezani. Hakusema kama atakwenda kwenye mkutano. Hakusema kama atasafiri. Sikuthubutu kuuliza.

Mama alikuwa kitaluni, anajaza udongo kwenye pakiti za maziwa, anaanza upya. Nilivua viatu nisivitie matope, nikapita kati ya mistari, nikampa simu. Aliishika kwa vidole vya udongo. Nilisimama nikitazama ukingo ule, pale majani yalipolala chini kwa maji. Nilisikia wimbo wa mzee kutoka kwenye simu, nikasikia kicheko changu, nikasikia yowe lake mwenyewe mama, dogo, la mbali. Video ikaisha. Nikamweleza habari ya grisi nikiwa nimetazama vidole vyangu vya miguu.

Niliangalia kiatu chake, nikaangalia fimbo ya kupandia, nikajiuliza ni kipi kitatangulia. Alikwenda kwenye pipa, akanawa mikono, akanawa na uso, akakaa ameinamia yale maji kwa muda.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa saba na robo."

Akajifuta kwa leso yake, akaikaza kiunoni, na hakunitazama alipokuwa akisema:

"Vaa viatu twende. Wewe utawaambia chenye ulifanya, na mimi nitawaambia chenye nilisema. Lakini anza wewe. Mimi naona aibu."